Kamba za Kijani

Mtoto alipona Jumatatu, na kufikia Jumatano alikuwa ameshaanza kuchosha watu. Aliuliza kwa nini kuku hana meno. Aliuliza kwa nini babu wa nyumba ya pili ana nywele masikioni na kichwani hana. Alikuwa na miaka sita na mdomo usio na breki, na baba yake, fundi baiskeli ambaye breki ndiyo kazi yake, alikiri mapema kwamba hii ilimshinda. Mtaa mzima walimwita Kasuku. Homa ilipomlaza alinyamaza, na nyumba ikawa na kimya kibaya ambacho hakuna aliyetaka kukikumbuka. Sasa alikuwa amerudi na maneno yake yote, na aliyebaki mgonjwa ni mama yake.

Ugonjwa wa mama haukuwa wa dawa. Alikuwa ametoa ahadi.

"Baba Kasuku," alisema asubuhi hiyo. Walikuwa barazani, mahali ambapo mume alitengeneza baiskeli upande mmoja na mke akashona upande wa pili. Msimu ulikuwa wa sare za shule, na vitambaa vya rangi za shule zote za karibu vilikuwa vimemzunguka hadi magotini. "Nilipokuwa kule zahanati nilimwambia Mungu akiniachia mtoto nitamtumikia."

"Vizuri."

"Sasa ameniachia."

"Vizuri zaidi."

"Sasa nimtumikie kwa kitu gani? Mimi najua kushona tu."

Mume alizungusha gurudumu, akalitazama linavyoyumba. "Hukumwambia kazi gani?"

"Nilikuwa nalia. Ningepanga saa ngapi?"

"Basi mama, umetia sahihi karatasi tupu. Atajaza mwenyewe."

Alikuwa anatania, lakini mkewe alishika kichwa. Tatizo ni kwamba alikuwa fundi wa nguo, na fundi wa nguo ana dhambi yake inayojulikana. Katika maisha yake yote ya cherehani alikuwa amewaambia watu "njoo kesho" kwa uso mkavu kabisa, na wateja walikuwa wamezoea kiasi kwamba akisema Ijumaa wanakuja Jumatatu. Sasa kila siku iliyopita bila kumtumikia Mungu aliiona kama anamwambia na Mungu aje kesho, na hilo lilimtia baridi mwilini.

Alianza na kwaya, kwa sababu kwaya ndiyo inayoonekana. Mwalimu wa kwaya alikuwa kijana mpole, mwenye adabu za mtu aliyelelewa na shangazi wengi. Siku ya mazoezi alimsikiliza ubeti mmoja, akashusha mkono, akatazama dari.

"Mama, umewahi kuimba kabla ya hapa?"

"Nyumbani."

"Na nyumbani wanasemaje?"

"Wanatoka nje."

Hakuwa anafanya mzaha. Walikuwa wanatoka kweli.

Kijana alifikiri. Hakutaka kumvunja moyo. "Basi Jumapili utasimama nasi, utafungua mdomo vizuri, ila sauti uiache humo humo ndani. Mungu anaangalia moyo, mama. Waumini ndio wanaotumia masikio."

Alitii ubeti wa kwanza, akatii na wa pili. Wa tatu alimwona Kasuku kwenye mapaja ya bibi yake, mashavu yamejaa, anampungia mkono, na furaha ikampanda mpaka akajisahau. Sauti ikatoka yote. Akina mama wa mbele wakapoteza njia, akina baba wa sauti nzito wakanyamaza kabisa, na mpiga kinanda akaondoa vidole kama aliyeguswa na moto. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya alimvuta pembeni na kumshukuru. Alimshukuru sana, kwa maneno mengi mazuri, mpaka fundi akaelewa kwamba amefukuzwa.

Walipofika nyumbani muuza mkaa alikuwa ameshajua, na mwenye duka la kona pia. Kasuku alitangulia mbio na kuwaeleza mlango kwa mlango: "Mama ametolewa kwaya. Anamtisha mpiga kinanda."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwanangu, nakupenda, unajua. Lakini huyo kijana amelitendea kanisa haki."

Fundi naye alicheka, ila mchana huo hakumaliza chakula chake. Akajaribu usafi wa kanisa. Wanawake wa usafi walikuwa na zamu zao, mafagio yao na ugomvi wao wa miaka mingi, na hawakuwa na nafasi ya mtu mpya hata kwenye kimojawapo. Walimpokea kwa heshima, wakampa kiti akae awatazame.

Kikabaki kikundi cha kutembelea wagonjwa.

*

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alistaafu shule, lakini ualimu haukumtoka. Wanakikundi aliwapanga mistari kwenye geti la hospitali, akakagua kucha zao kwa jicho, kisha wakaingia wodi ya wanaume wakiwa na matunda, sabuni na nyimbo mbili.

Fundi aliingia akiwa na moyo mkunjufu. Huko mbele muuguzi alikuwa anambadilishia mtu bandeji ya kidonda mguuni. Bandeji ikaondoka, fundi akaona kilichokuwa chini yake, akasema "Mungu wangu" kwa sauti ndogo. Alianguka chali juu ya ndoo ya mfagiaji.

Alipofungua macho alikuwa kitandani karibu na mlango, nyuma ya pazia, na gauni lake limeloa maji ya sakafu lote. Muuguzi mkuu, mwanamke mpana mwenye hatua za haraka, alimvua na kumvika gauni la wagonjwa, lile la kufungia mgongoni.

"Lako nimelianika. Kaa hapo ukauke."

"Sista, hili halina kamba."

"Yote hayana kamba," muuguzi mkuu alisema, akaondoka. Alikuwa na watu wenye shida kubwa kuliko hiyo.

Fundi alikaa kwa muda. Kisha akasikia mwenyekiti anaanza maombi bila yeye, na wasiwasi wake wa ahadi ukamwinua. Alijikusanya nyuma kwa mkono wa kushoto, akachungulia nje ya pazia. Mlango wa wodi ulikuwa wazi na upepo unaingia. Mzee mmoja aliyesimama karibu na kitanda chake, seremala mwenye nyonga mbovu, alimtazama kwa huruma.

"Shika vizuri, mwanangu," alimnong'oneza. "Upepo wa mlango huu hauna adabu."

Wagonjwa walioweza kusimama walikuwa wamesimama kwa kuwaheshimu wageni. Mwenyekiti alifumba macho, akafumbua. "Ndugu zangu, tuinue mikono kwa Bwana."

Ikainuka mikono ya kulia tu, kila mtu mmoja.

"Yote miwili, ndugu zangu. Tusimpe Mungu nusu."

Hakuna aliyetingishika. Mwanamume mmoja alikohoa. Mwingine alitazama sakafu. Mwenyekiti aliwapitia mmoja mmoja kwa macho ya mtu aliyewahi kuwaona wanafunzi wakaidi wengi, mpaka jicho lake likafika kwenye pazia na kumkuta mwanakikundi wake mwenyewe, naye ameinua mkono mmoja. Akamkazia. Fundi akakaza mkono wa kushoto kule nyuma, akatikisa kichwa kwamba haiwezekani.

Hapo ndipo alipowaangalia wenzake vizuri. Watu wazima, mababa wa watu, mmoja ana mvi mpaka nyusi, kila mmoja na mkono wa kushoto nyuma yake ameshikilia heshima yake. Alitaka kucheka na alitaka kulia. Maombi yakaenda hivyo hivyo, kwa mkono mmoja, na yalikuwa marefu.

"Kamba zimekwenda wapi, baba?" alimuuliza seremala walipoitikia amina.

"Mashine ya kufulia inazila. Kila wakifua, gauni linarudi na kamba moja, halafu hata hiyo moja haipo." Mzee alijishusha kitandani polepole. "Mimi sitoki nje kwa ajili hiyo. Nasikia pale uani kuna jua zuri."

*

Muuguzi mkuu alimsikiliza akiwa anaandika.

"Nipe niyapeleke nyumbani, Sista. Nitayarudisha yana kamba yote."

"Nguo za hospitali hazivuki geti."

"Nitaziandikia jina langu."

"Hata uziandikie jina la babu yako." Aliinua kichwa, akamwona fundi amesimama na gauni lake lenye unyevu, hajakata tamaa. Akalegeza sauti. "Tumeomba mapya tangu mwaka jana. Mkubwa wa hospitali anasema yapo njiani. Sasa wewe ukitaka kushona, shonea hapa. Alhamisi chumba cha kufulia kina nafasi. Cherehani lete mwenyewe, sisi hatuna."

Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga, ya chuma, na haikuwa imetoka barazani tangu iingie. Fundi alirudi nyumbani akiwa mwepesi wa miguu, akamweleza mumewe yote, hata la kuanguka kwenye ndoo. Mume alicheka panapochekesha, kisha akaangalia rundo la sare.

"Shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo," alisema. "Alhamisi nzima ukashone kamba? Watoto wa watu waende shule uchi ili wagonjwa wavae?"

"Siku moja tu."

"Msimu huu ndio tunaoula mwaka mzima. Unajua. Ukimtumikia Mungu Februari atakataa?"

"Siwezi kumwambia aje Februari."

"Kwa nini?"

Alikuwa ameikunja sketi ya mtu magotini, akaikunja tena pale pale ilipokuwa imekunjwa. "Kwa sababu akichoka kusubiri, atachukua alichoniachia." Aliiweka sketi chini. "Kila asubuhi namgusa paji la uso kabla sijafumbua macho vizuri. Naogopa, Baba Kasuku. Wewe unalala. Mimi naogopa."

Fundi baiskeli aliweka spana chini. Hakuwa amejua. Alidhani mkewe ana furaha ya kupita kiasi na mambo ya kanisa, kumbe ana hofu, na alijiona mjinga kwa utani wake wa karatasi tupu. Alitafuta neno kubwa la kumwambia, la dini, hakulipata. Kanisani alikaa nyuma na mara nyingi alikuwa anawaza minyororo.

"Sidhani kama yuko hivyo," alisema mwishoni. "Hata mimi mtu akichelewa kunilipa simvunji mguu." Akasimama, akaenda kulipima tela lake la baiskeli kwa mikono, urefu na upana, akarudi kuipima cherehani. "Itabidi nikaze gurudumu la kushoto. Na wewe Alhamisi uamke mapema, siwezi kusukuma chuma hiki juani."

*

Walitoka Alhamisi kwa haraka, mume akisukuma, mke akishikilia, Kasuku akiwaeleza wapita njia kwamba cherehani inakwenda kulazwa. Kwa kamba, fundi alikuwa amepanga kutumia mabaki ya vitambaa vya sare, maana fundi wa sare hutupa mabaki mengi na huwa yanamuuma kuyatupa. Alichukua mfuko wake wa mabaki mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshafagia baraza alfajiri, na kila kitambaa alichokikuta chini alikikunja na kukitia mfukoni humo kwa nia njema kabisa.

Chumba cha kufulia kilikuwa na joto na harufu ya sabuni. Mfuaji alimletea magauni kwa mafungu, akabaki akimwangalia. Fundi alikata, akakunja, akapiga mshono mara tatu ili mashine ijaribu kula ione. Zikatoka kamba za kaki, za buluu, za maruni, za kijivu. Katikati ya kazi aliingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha kijani kikubwa hasa, kizuri, kizito. Alimshukuru Mungu kwa kumwekea baki la namna hiyo. Akakikata chote, na hakujua kwamba ilikuwa sketi ya mtoto wa watu, imeshapimwa, inasubiri mkasi.

Jioni wodi ilikuwa imechangamka. Mwenye kamba za buluu alimuuliza mwenye maruni amesoma shule gani na kama ada alimaliza. Mwenye kaki alitangaza kwamba shule yake ndiyo ilikuwa inaongoza kwa mpira. Muuguzi mkuu alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Nani amenigeuzia wodi kuwa paredi?"

"Mwalimu wa zamu," alijibu seremala, akimnyooshea fundi kidole. Alikuwa amepata kamba za kijani. Alizifunga mwenyewe, akajaribu kuzivuta, akafanya hatua mbili bila kushika kitu, kisha akatoka kwenda kwenye jua.

Fundi alirudi nyumbani akiwa amechoka mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto apone alikula na kuongeza.

*

Mwenye sketi alikuja Ijumaa. Aliuza ndizi sokoni, mwanamke wa sauti kubwa na hesabu kali, na binti yake wa kwanza alikuwa anaingia sekondari. Kitambaa alikinunua mwenyewe, kile cha bei ya juu, kwa sababu alitaka kidumu mpaka mtoto amalize.

"Najua utaniambia kesho," alisema, akaweka beseni chini. "Nimekuja leo ili hiyo kesho yako iwe kesho kweli."

Fundi alifungua rundo la kwanza, akafungua la pili. Alipofika la tatu mikono ilianza kupungua mwendo, maana alikumbuka kijani kimoja kizito.

"Iko wapi?" aliuliza muuza ndizi.

Kasuku alikuwa amekaa kwenye tairi na hakupenda kuona swali linakosa jibu. "Mama ameipeleka hospitali," alisema. "Amewafungia babu makalio."

Watu wa mtaani wana namna ya kutokea pale wasipohitajika. Muuza mkaa alisogea. Mwenye duka alitoka kibarazani kwake. Fundi alieleza, na kila alivyoeleza ukweli ulizidi kuwa mbaya, na muuza ndizi akampa vidonge vyake mbele ya wote. Alimuuliza mwanawe aende shule na nini, na kamba? Alimuuliza kama ndizi zake zinaota bure sokoni. "Kama unamtumikia Mungu, mtumikie kwa chako. Mtu anatoa sadaka kwa mfuko wa mwenzake, halafu anatembea kichwa juu."

Hilo la mwisho ndilo lililompata. Fundi alisimama pale, mkono kwenye cherehani, na alijua kwamba ni kweli. Zawadi pekee aliyokuwa amefanikiwa kumpa Mungu ilikuwa ya wizi. Ahadi yake ilikuwa imerudi nyuma ya pale ilipoanzia, na macho yake yalimtafuta Kasuku bila yeye kutaka.

"Twende," alisema muuza ndizi, akiinua beseni. "Nipeleke nikaione."

"Imeshakatwa vipande."

"Nikaione hivyo hivyo."

Njia nzima fundi aliwaza jinsi atakavyozifumua kamba za kijani mbele ya watu, na kama vipande vitaungika hata sketi ya mwanasesere. Wodini seremala hakuwa kitandani. Walimkuta uani, kwenye benchi, amenyoosha mguu juani na uso umemng'aa. Alipomwona fundi alishika fimbo, akasimama, akageuka mzima mzima kuwaonyesha mgongo.

"Fundi, tazama. Nimezifunga upinde."

"Baba," alianza fundi.

Mzee hakumngoja amalize. Alikuwa na habari yake. "Mkwe wangu alikuja jana jioni. Mke wa mwanangu, mtoto mwenye heshima sana. Kila siku ananiletea uji, na kila siku nikisikia hatua zake najifunika shuka nafumba macho. Maana nitasimamaje mbele ya mkwe na nguo ile? Anaweka uji, anakaa kidogo, anaondoka. Alifikiri nimezidiwa. Mwanangu ameniambia alikuwa akifika nyumbani analia." Alipangusa pua. "Jana nimesimama nikampokea. Nimemsindikiza mpaka geti, na maneno tumeongea ya wiki nzima."

Muuza ndizi alikuwa ameshusha beseni lake. Alisogea, akaishika ile kamba kati ya vidole viwili kama anavyopima kitambaa dukani.

"Inashika?"

"Inashika, mama. Kitambaa kizuri hiki. Si cha bei rahisi."

"Bei yake naijua," alisema muuza ndizi.

Kisha akachagua ndizi kubwa mbili kutoka kwenye beseni, akampa mzee, akamwomba radhi kwa usumbufu. Fundi alimfuata mpaka geti. Hapo akageuka.

"Sasa tuelewane," alisema. "Zisifumuliwe. Lakini zile kamba za kijani ni zangu. Nimezitoa mimi, na Mungu ajue hivyo. Wewe tafuta sadaka yako."

"Sawa."

"Na yule mzee ukimwona, mwambie zimetoka kwa muuza ndizi."

"Nitamwambia. Na sketi?"

"Sketi Jumatatu asubuhi, kwa kitambaa cha pesa yako. Na usinitajie kesho."

*

Fundi baiskeli alikuwa anaweka akiba ya kununua pampu. Aliihesabu, akaitoa, akasema pampu ya zamani bado inapumua. Kitambaa kikanunuliwa kile kile cha bei ya juu, na Jumamosi yote fundi alishona bila kuinua kichwa, hata Kasuku alimzunguka kwa adabu. Jumapili baada ya ibada aliipeleka sketi sokoni mwenyewe. Muuza ndizi aliikagua pindo kwa pindo, akaitafutia kasoro. Fundi wa nguo aliyeleta kazi kabla ya siku yake hakuwahi kumwona, na alishuku kuna jambo.

"Ya kwako umeitoa wapi?" aliuliza hatimaye.

"Nini?"

"Sadaka. Nilikwambia utafute yako."

"Bado sijaipata. Naenda tena Alhamisi. Mfuaji anasema wodi ya wanawake ndiyo mbaya zaidi."

Muuza ndizi alikunja sketi. "Alhamisi soko huwa limelala," alisema, akitazama upande mwingine. "Nikipita kuangalia kamba zangu naweza kukukatia vitambaa. Ila mabaki nitayakagua mimi kwanza."

Na hivyo ndivyo ilivyoanza kuwa. Alhamisi ya pili walikwenda na mifuko miwili, kila kipande kimepita mikononi mwa muuza ndizi, ambaye alikata kwa unyoofu wa ajabu na kuongea bila kupumzika. Mwenyekiti wa kikundi alipita chumba cha kufulia kukagua, akaombwa atunge uzi kwenye sindano, akajikuta amekaa mpaka jioni. Shule zilikuwa zimeshafunguliwa na msimu wa sare umekwisha, lakini chumba kile hakikukosa kazi, kwa sababu muuguzi mkuu alikuwa amegundua kwamba kuna fundi, na muuguzi mkuu akigundua kitu hakiachi. Yalikuja mashuka yaliyochanika, ikaja mito, yakaja mapazia. Mkubwa alikuwa anasema magauni mapya bado yapo njiani.

Kulikuwa na Alhamisi moja, mbele kidogo, ambapo mvua ilinyesha asubuhi na barabara ikawa tope. Fundi baiskeli alisimama na tela, akitazama mawingu, akidhani leo mkewe atakaa. Mkewe alitoka na mifuko, pini mdomoni, akaanza kuinua cherehani upande wake. Alikuwa amechelewa kidogo. Alijisahau kitandani, amelala usingizi mzito, na Kasuku ndiye aliyekwenda kumwamsha kwa kumuuliza kama samaki hukojoa.

"Hivi, Mama Kasuku," mume alisema wakiwa wameinamia chuma, kila mmoja upande wake, "lile deni lako kwa Mungu, limebaki kiasi gani?"

Alitoa pini mdomoni. Alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa jina la mtaa alioupita zamani.

"Deni gani?" aliuliza, kisha akamwambia ainue vizuri, wanachelewa.